Amri Iliyobadilika Njiani: Uhakiki wa Uandishi wa Amri za Sheli katika Nyaraka Zinazogeuzwa Kuwa Kurasa za Wavuti

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna amri za sheli zinavyoandikwa katika nyaraka za kiufundi, na yanayozipata amri hizo nyaraka zinapogeuzwa kuwa kurasa za wavuti. Mfano mkuu ni Org, mfumo wa uandishi unaoambatana na kihariri cha Emacs, pamoja na kigeuzi chake cha HTML. Tunadai kwamba mwonekano wa ukurasa, ambao ndio kigezo cha wahariri wengi, haufai kutangulia katika kutathmini nyaraka za aina hii. Kigezo tunachokipendekeza ni safari ya kurudi: amri ikinakiliwa kutoka ukurasani iwe ileile iliyotoka mkononi mwa mwandishi, alama kwa alama. Kwa kigezo hicho, Org inastahili sifa katika mambo mawili na lawama katika mambo kadhaa. Mwishoni tunagusia ritifaa ya Kiswahili na masharti yanayoweza kuwekwa na taasisi zinazogharimia nyaraka.

1. Utangulizi

Uhakiki wa matini za kiufundi katika Kiswahili umejishughulisha zaidi na istilahi. Tumebishana kwa miaka mingi iwapo kifaa kilichopo mezani ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na mabishano hayo hayakuwa bure. Lililozungumzwa kidogo ni umbo la matini yenyewe inapomfikia msomaji: vistari, alama za mtajo, mikwaju na nafasi. Katika insha au riwaya mambo haya huachiwa mpiga chapa. Akirefusha kistari, msomaji hapotezi kitu. Pengine hata anafurahishwa.

Amri ya sheli haivumilii hisani hiyo. Sheli ni programu inayopokea mstari wa maandishi, inaukata vipande kwa kufuata nafasi na alama, kisha inaendesha programu iliyotajwa mwanzoni na kuikabidhi vipande vilivyosalia. Haikisii nia ya aliyeandika. Alama ikibadilika, ama amri inakataliwa, ama inatekelezwa amri nyingine. Kukataliwa ni usumbufu tu. Makala haya yanahusu zaidi hali ya pili, ambayo haijapewa uzito unaostahili.

Msomaji tunayemfikiria si mtunzi wa programu. Ni msimamizi wa seva katika ofisi, hospitali au chuo, ambaye amefungua mwongozo upande mmoja wa kioo na dirisha la amri upande wa pili. Ananakili, anabandika, anabonyeza kitufe. Mwongozo kwake si maelezo kuhusu kazi. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

2. Vistari viwili, desturi mbili

Org ilianzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003, ikaingizwa ndani ya Emacs kuanzia toleo la 22 la mwaka 2007. Mfumo wake wa kugeuza matini uliandikwa upya katika toleo la 8.0 la mwaka 2013. Mwandishi huandika matini ya kawaida yenye alama chache, kisha kwa amri moja hupata ukurasa wa HTML, hati ya LaTeX au maandishi matupu. Kwa anayeandika miongozo ya seva, urahisi huu ni mkubwa, nami sioni sababu ya kumshauri aachane nao.

Tuchukue mwandishi anayeeleza namna ya kutengeneza nakala rudufu kwa programu ya rsync. Kwa busara anamwagiza msomaji afanye kwanza jaribio lisilogusa faili yoyote. Katikati ya aya, bila alama nyingine, anaandika:

    rsync -av --dry-run kumbukumbu/ nakala/

Chaguo la `--dry-run` huiamuru rsync ionyeshe ingefanya nini, isifanye. Mwandishi anageuza hati yake. Katika ukurasa wa HTML, Org kwa mpangilio wake wa msingi imevifanya vistari viwili kuwa kistari kimoja cha wastani, alama ambayo katika orodha ya Unicode ni U+2013:

    rsync -av –dry-run kumbukumbu/ nakala/

Kwa jicho la haraka tofauti ni nywele. Kwa rsync ni tofauti ya maana nzima. Neno lililoanza kwa alama hiyo si chaguo tena, hivyo programu inalichukulia kuwa jina la faili ya kunakiliwa. Inalitafuta, hailioni, inalalamika, kisha inaendelea na folda ya kumbukumbu na kuinakili kwa hakika ndani ya folda ya nakala. Faili zenye jina moja zilizotofautiana kwa ukubwa au tarehe zinafutwa na kuandikwa upya, hata kama ile ya upande wa nakala ndiyo mpya zaidi. Mwishoni rsync inatoa namba 23, yaani baadhi ya faili hazikuhamishwa. Onyo lipo, ila halikuzuia kitu. Jaribio limekuwa tendo, na aliyelifanya ni yule hasa aliyetii ushauri wa tahadhari.

Ni vyema kueleza chanzo cha jambo hili, kwa sababu si uzembe wa mtu mmoja. Taipureta, na baada yake mfumo wa ASCII wa mwaka 1963, vilikuwa na kistari kimoja tu kilichobeba kazi za kiungio, alama ya kutoa na deshi. Waliohitaji deshi walizoea kuandika vistari viwili. TeX, mfumo wa Donald Knuth wa kupanga chapa uliotoka mwaka 1978, uliifanya desturi hiyo kuwa kanuni: viwili kwa deshi ya wastani, vitatu kwa deshi ndefu. Upande mwingine, programu za GNU zilieneza desturi ya kuanzisha machaguo marefu kwa vistari viwili ili kuyatenga na yale ya herufi moja. Desturi zote mbili zilizaliwa na uhaba uleule wa alama kwenye kibodi, na zote mbili zina mantiki. Zinapokutana ndani ya faili moja hakuna namna ya kuzitofautisha kwa kutazama alama zenyewe. Lazima mtu aseme hapa ni maelezo na pale ni amri.

3. Mstari wa chini na mkwaju

Vistari si peke yake. Katika Org, mstari wa chini kati ya herufi huashiria maandishi ya kushushwa, kama yale ya fomula za kemia. Mwandishi akiandika ndani ya aya

    export DATA_DIR=/srv/data

ukurasa utaonyesha DATA na kufuatiwa na DIR ndogo iliyoshuka. Atakayeinakili atapata `DATADIR`, maana mstari wa chini haumo tena katika matini. Umegeuka kuwa mwonekano. Sheli itakubali bila neno. Itaunda kigezo kipya chenye jina hilo, na programu inayotafuta `DATA_DIR` itakiona kitupu. Hapa hakuna hata lalamiko la rsync.

Mkwaju nao huashiria maandishi ya mlazo ukizunguka neno. Njia ya folda inayoanza na kuishia kwa mkwaju, mathalani `/tmp/kazi/`, ikiwa imezungukwa na nafasi, inageuzwa kuwa maneno ya mlazo yasiyo na mikwaju ya pembeni: `tmp/kazi`. Anayejua sheli ataona tatizo mara moja. Njia iliyoanzia kwenye mzizi wa diski sasa inaanzia popote alipo mtumiaji. Amri ya kufuta iliyoelekezwa kwenye folda moja inaelekezwa kwenye nyingine. Kwa kawaida folda hiyo ya pili haipo na sheli inakataa. Lakini usalama unaotegemea kutokuwepo kwa kitu si usalama ambao mwongozo unapaswa kuutegemea.

4. Lawama ni ya nani?

Watetezi wa Org wana jibu, nalo ni zito. Mfumo unampa mwandishi alama mbili, wimbi na sawasawa, za kuzungushia msimbo. Ndani ya alama hizo vistari, mistari ya chini na mikwaju havigeuzwi. Kwa amri ndefu kuna kizuizi cha msimbo kinachofunguliwa kwa `#+begin_src sh`, ambacho nacho huhifadhi kila alama. Aliyeandika amri ndani ya aya bila kuizungushia alama ameacha kutumia chombo alichopewa.

Ninakubali sehemu ya kwanza ya hoja hii. Kizuizi cha msimbo cha Org ni miongoni mwa vitu vizuri nilivyoviona katika uwanja huu, hasa kwa kuwa hutenga amri na jibu lake: amri huingia ukurasani ikiwa na tabaka la `src`, nalo jibu lililotolewa na mashine likiwa na tabaka la `example`. Miongozo mingi huchanganya hivi viwili, msomaji akanakili jibu pamoja na amri.

Sehemu ya pili siikubali kirahisi. Kosa la kusahau alama halionekani mahali linapotendeka. Ndani ya Emacs mwandishi anaiona amri yake ikiwa na vistari viwili kamili. Madhara yanajitokeza baadaye, kwenye ukurasa, mbele ya mtu mwingine. Kosa la namna hiyo hulaumiwa zaidi mpangilio wa msingi kuliko mkono uliosahau. Isitoshe, Org yenyewe inaonyesha kwamba tahadhari ilifikiriwa. Ugeuzaji wa alama za mtajo kuwa zile zilizopinda huwa umezimwa mpaka mwandishi auwashe. Kwa nini alama za mtajo zilindwe na vistari visilindwe? Ukweli kwamba mwandishi anaweza kuweka `-:nil` na `^:{}` kwenye mstari wa machaguo mwanzoni mwa hati, na matatizo ya vistari na ya mstari wa chini yakaisha, unathibitisha kwamba kazi ngumu ilikwisha kufanywa. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuipa amri kipaumbele kuliko deshi.

Kuna pia upotevu mdogo usiopaswa kupita kimya. HTML ina alama tofauti kwa mambo tofauti: `kbd` kwa kile ambacho mtumiaji anakiandika, `samp` kwa kile ambacho mashine inakijibu, `var` kwa nafasi ya kujazwa. Kigeuzi cha Org huchukua wimbi na sawasawa, ambavyo mwandishi makini huvitofautisha, na kuvitia vyote ndani ya `code`. Orodha ya ugeuzaji inaweza kubadilishwa na mtumiaji, lakini wachache watafika huko.

5. Nafasi isiyoonekana

Ushauri mmoja wa mwongozo rasmi wa Org unahitaji kutajwa peke yake. Mwandishi akitaka alama fulani isichukuliwe kuwa alama ya Org, mwongozo unapendekeza, kama njia ya jumla, aingize nafasi isiyo na upana, U+200B, kando yake. Kwa matini ya kawaida ni suluhisho la werevu. Kwa amri ni mtego. Nafasi hiyo husafiri hadi kwenye ukurasa, hunakiliwa pamoja na maneno, na haionekani popote. Sheli haiitambui kuwa nafasi; inaiunganisha na jina la programu, kisha inadai kwamba programu hiyo haipo. Msomaji anatazama jina lililoandikwa sawasawa na kuambiwa si sawasawa. Atapoteza saa nzima akikagua ufungaji wa programu isiyo na kosa lolote. Mwongozo ungefanya vyema kuonya papo hapo kwamba mbinu hii isitumike karibu na kitu kitakachonakiliwa.

6. Groff na mjadala wa mwaka 2023

Anayedhani kwamba haya ni matatizo ya Org pekee na aangalie kurasa za mwongozo za Unix, ambazo ni kongwe zaidi. Groff, programu inayozipanga, ilitoa toleo la 1.23.0 mwezi Julai 2023. Toleo hilo liliacha kukigeuza kistari cha kawaida kuwa kile cha ASCII katika kurasa za mwongozo kwenye vioo vya UTF-8. Mwandishi anayetaka kistari cha amri anapaswa kutanguliza mkwaju wa nyuma. Asipofanya hivyo hupata kiungio halisi, U+2010. Kinadharia watunzi wa Groff walikuwa sahihi, kwa sababu kanuni hiyo ni ya zamani na imeandikwa. Kiutendaji kulikuwa na kurasa nyingi zilizoandikwa na watu wasioijua, na katika kurasa hizo kutafuta chaguo au kulinakili kungeshindikana. Debian iliamua kurudisha ugeuzaji wa awali kwenye mipangilio yake. Naona Debian walimtazama msomaji, nao Groff wakamtazama mwandishi kama anavyopaswa kuwa. Mwandishi huyo ni adimu.

7. Alama ya dola na mabano ya pembe

Desturi ya kutanguliza alama ya `$` au `#` mbele ya amri, kuonyesha kama inaendeshwa na mtumiaji wa kawaida au msimamizi mkuu, ina faida ya kielimu. Ikinakiliwa, `$` inaleta lalamiko. `#` ni mbaya zaidi: kwa sheli huanzisha maelezo yasiyotekelezwa, hivyo amri ya msimamizi inabandikwa, kitufe kinabonyezwa, na hakuna kinachotokea wala kinachosemwa. Taarifa ya nani aendeshe amri inafaa iwe katika sentensi iliyo juu yake.

Mabano ya pembe yanayozunguka neno la kujazwa, kama `<jina>`, yana kasoro ya aina nyingine. Katika sheli `<` ni kuelekeza faili iingie na `>` ni kuelekeza matokeo yatoke. Msomaji aliyesahau kujaza hatapata ujumbe wa kumkumbusha bali ujumbe kuhusu faili asiyoijua. Hapa Kiswahili kinatupa nafuu ambayo waandishi wa Kiingereza hawana. Maneno ya amri yana asili ya Kiingereza; neno la kujazwa likiandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, mathalani `JINALAKO`, linajitenga lenyewe bila mabano. Mwandishi wa Kiingereza anayeandika `user` katikati ya amri hana tofauti hiyo ya lugha ya kumsaidia.

8. Ritifaa ya ng'

Nafuu hiyo inakuja na gharama yake. Ritifaa katika Kiswahili ni sehemu ya tahajia: bila yake, ng'oa ni neno jingine. Katika sheli alama hiyohiyo hufungua na kufunga matini inayopaswa kuachwa ilivyo. Mstari huu,

    echo 'Orodha ya ng'ombe'

unaonekana mzuri kwa mwalimu wa Kiswahili, lakini sheli inauona umefungwa baada ya `ng` na kufunguliwa tena baada ya `ombe`. Inabaki ikisubiri mwisho usiokuja. Kwa mfano huu nukuu maradufu zinatosha. Tatizo la faili ni gumu zaidi. Anayeandika hati kwa kihariri kinachopinda ritifaa, au aliyewasha ugeuzaji huo katika Org, anapata `ng’ombe.txt` ukurasani ilhali diskini ipo `ng'ombe.txt`. Hayo ni majina mawili. Wala hatuwezi kusema ritifaa iliyopinda ni kosa, kwa kuwa katika maandishi ya kawaida ndiyo inayopendeza zaidi. Mwandishi wa Kiswahili analazimika kuishi na alama moja yenye hukumu mbili katika ukurasa mmoja, jambo ambalo miongozo ya uandishi iliyotungwa kwa lugha nyingine haimwandalii. Kwa maoni yangu, majina ya faili na vigezo katika mifano ya Kiswahili yaepuke ng' kabisa, na hilo lisichukuliwe kuwa kuidhalilisha lugha.

9. Masharti kwa wanaogharimia nyaraka

Taasisi ya umma inapolipia mwongozo, kwa kawaida hukagua lugha, nembo na idadi ya kurasa. Ninapendekeza sharti moja la ziada linaloweza kupimwa na mashine. Org ina uwezo wa kutoa vizuizi vyote vya msimbo kutoka kwenye hati na kuviandika katika faili ya pembeni. Upande wa pili, programu fupi inaweza kutoa maandishi ya kila sehemu ya `pre` yenye tabaka la `src` kutoka kwenye ukurasa uliochapishwa. Faili hizo mbili zilinganishwe. Zikitofautiana hata kwa baiti moja, mwongozo urudishwe kwa mwandishi kabla ya malipo. Kazi hii ikishaandaliwa mara moja huchukua sekunde chache kwa kila toleo.

Kipimo hicho hakigusi amri zilizo ndani ya aya, ambazo ndizo zilizotuletea `–dry-run`. Kwa hizo panahitajika utafutaji wa alama za U+2010 hadi U+2015, alama za mtajo zilizopinda, na U+200B. Mkaguzi ajue kwamba Org haiandiki deshi yenyewe katika faili ya HTML, bali huandika `&#x2013;`; utafutaji wa moja kwa moja kwenye faili hautaona kitu mpaka alama hizo zifasiriwe kwanza. Mkwaju uliopotea na mstari wa chini uliogeuka kuwa mwonekano hautapatikana hata kwa njia hiyo. Kwa hao inabaki kazi ya mhariri anayejua sheli, mwenye hati ya mwandishi upande mmoja na ukurasa upande wa pili, na taasisi itenge fungu la kumlipa.